Vyama vya panga za kale za Ulaya: washirikiane hadi wapi?

Kuna beti fupi za Kijerumani cha kale ambazo hadi leo zinawagawa watu wanaopendana na kufanya mazoezi ya panga za kale pamoja. Zinahusishwa na Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga mrefu wa mikono miwili, na zinazungumzia pigo liitwalo Krumphau. Mstari mmoja unamwagiza mpiganaji aitupe ncha ya upanga wake kwenye mikono ya adui. Mwingine unamwagiza apige bapa la upanga wa adui, kama anataka kuwadhoofisha mabingwa. Je, ni pigo moja au mawili? Mikono ipishane vipi, mguu uende pembeni kiasi gani? Beti zilitungwa kwa mafumbo, na hata maelezo yaliyoandikwa na wafuasi wa baadaye hayamalizi ubishi. Kwa hiyo klabu moja inafundisha hivi, ya jirani inafundisha vile, na zote mbili zinakuonyesha ukurasa uleule.

Hapo ndipo penye kiini cha tofauti zote ndani ya sanaa za kihistoria za mapigano za Ulaya, zinazojulikana duniani kwa kifupisho cha HEMA. Mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika karne nyingi zilizopita. Kilichobaki ni maandishi na michoro: kitabu cha upanga na ngao ndogo cha mwanzoni mwa karne ya 14, kilichopo Leeds nchini Uingereza, kitabu cha Fiore dei Liberi, mwalimu wa mapigano wa Italia, kitabu cha Joachim Meyer kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1570, na vingine vingi. Hakuna mzee wa kumwuliza. Kila klabu inasoma, inajaribu, inaamua. Anayeshangaa kwa nini watu hawa hawakubaliani basi hajaitazama kazi yenyewe.

Lakini ugumu huohuo ndio uliowalazimisha kushirikiana. Nakala za kitabu cha Fiore zinazojulikana ni nne: moja iko Los Angeles, moja New York, moja Paris, na ya nne inamilikiwa na watu binafsi. Zinatofautiana kwa mpangilio, kwa maneno, hata kwa michoro. Klabu iliyojitenga na nakala moja mkononi ingejenga nyumba juu ya robo ya msingi. Ndiyo maana naiona Wiktenauer, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2009, kuwa matunda makubwa kuliko kombe lolote lililowahi kushindaniwa. Watu wa mitazamo inayopingana wamenukuu miswada neno kwa neno, wakaitafsiri na kuiweka wazi bila malipo. Kabla ya hapo, mwaka 2001, wapiganaji wa nchi mbalimbali za Ulaya walikuwa wameunda umoja uitwao HEMAC ili wakutane na kufundishana. Nchini Marekani, umoja wa HEMA Alliance unaziwezesha klabu ndogo kupata bima, jambo lisilo na mvuto wowote wa kishujaa, lakini bila bima klabu nyingi hazipati hata ukumbi.

Ugomvi mkali uko kwenye mashindano. Tangu mwaka 2006, mashindano ya Swordfish ya Gothenburg, Uswidi, yamewakusanya wapiganaji kutoka nchi nyingi, na kila mashindano makubwa yanajitungia kanuni zake. Chukua jambo moja tu: ninakupiga kichwani, na kufumba na kufumbua wewe unanipiga mkononi. Panga zingekuwa kali, wote wawili tungekuwa taabani. Mashindano mengine yanakupa nafasi fupi ya kujibu pigo na kupunguza alama zangu. Mengine yanafuta alama zote. Mengine yanahesabu pigo la kwanza peke yake. Mpiganaji anayezoea kanuni ya tatu hujifunza kurukia pigo bila kujikinga, na anayezoea ya pili hujifunza kusubiri. Kanuni hufundisha mwili kimyakimya, hata pale mwalimu anapofundisha kitu kingine.

Wanaotaka kanuni moja na shirikisho moja lenye meno wana hoja nzito. Vidole huvunjika, kwa sababu mikono iko mbele na ni shabaha rahisi. Kiwango cha barakoa, glavu na ulaini wa upanga wa mazoezi hakipaswi kutegemea hisia za mwandaaji. Waamuzi nao, wakifundishwa tofauti kila mji, humwonea mgeni bila kukusudia. Katika haya sina ubishi nao hata kidogo.

Ninapoachana nao ni pale wanapotaka kanuni moja ya alama. Mchezo wa vitara wa Olimpiki ulipita njia hiyo. Foili, silaha nyembamba ya mchezo huo inayohesabu mguso wa ncha peke yake, ilipoanza kuhesabiwa kwa umeme kwenye Olimpiki ya 1956, ilifungua mlango ambao baadaye wachezaji waliutumia vizuri: walilirusha bapa linalopindika hadi ncha ikagusa mgongo wa mpinzani, pigo lisilo na maana kwa silaha halisi. Shirikisho lilikuja kubadili vipimo vya mashine ili kulizuia. Hao walikuwa wanamichezo hodari wakifuata sheria. Tatizo ni kwamba palikuwa na sheria moja duniani kote, hivyo kasoro yake ikawa kasoro ya wote.

Historia yenyewe inaonya pande zote mbili. Mwaka 1487 Kaisari Frederick III aliwapa Marxbrüder, chama cha wapiganaji wa upanga cha Frankfurt, hati ya upendeleo, na wakawa ndio wanaotoa cheo cha bingwa wa upanga mrefu. Chama pinzani kilichozuka baadaye, Federfechter, kilipata hati yake kwa Kaisari Rudolf II mwaka 1607 tu. Ila licha ya upinzani huo, watu wa vyama hivyo viwili walikutana hadharani na kupimana.

Kwa hiyo kinachonitia wasiwasi zaidi si klabu mbili kufasiri Krumphau tofauti. Ni ile klabu inayowazuia wanachama wake kwenda kupigana kwingine, kwa kisingizio kwamba wengine wanacheza tu. Na upande wa pili, ni bingwa wa mashindano mwenye medali shingoni ambaye hajawahi kufungua muswada. Wa kwanza hatajua kama fasiri yake inafanya kazi dhidi ya mtu asiyemhurumia. Wa pili anajua kushinda, ila hawezi kusema anafufua sanaa ya nani. Mashirikisho ya kitaifa yanaweza kuwakutanisha bila kumlazimisha yeyote kubadili imani yake: yaweke viwango vya vifaa na mafunzo ya waamuzi, kisha katika kila mashindano yatenge siku ya kubadilishana mapigo bila alama, ambapo kila mpiganaji anaonyesha mbinu moja na kutaja ukurasa alioitoa.