Kocha asijipangie mwenyewe siku ya kuondoka

Machi 18, 2017, ndege mbili zilipita juu ya uwanja wa West Bromwich Albion huku Arsenal ikicheza chini. Moja iliburuta bango la kutaka kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, asipewe mkataba mwingine. Ya pili nayo ilikodiwa na mashabiki wa Arsenal hiyohiyo, ila bango lake lilidai kocha aheshimiwe, wao bado wana imani naye. Arsenal ikachapwa 3-1. Baada ya mechi Wenger akawaambia waandishi kwamba keshajua atakachofanya, na watu watajulishwa muda si mrefu.

Mpaka leo wana-Gunners, yaani sisi mashabiki wa Arsenal, wakikutana mjadala unarudi palepale: ilikuwa aende, au abaki? Mimi nasema jambo zito lilikuwa kwenye kauli ile ya West Brom. Keshajua yeye. Mwenye timu, bodi na mtendaji mkuu wote wamekaa wanasubiri mwajiriwa wao awaambie kama bado anaitaka kazi. Hapo hata uwe upande gani, unabishana na watu wasio na uamuzi mkononi.

Tuwatendee haki kwanza wale wa "Babu abaki", Babu akiwa ni Wenger. Hawakuwa wajinga. Mtu alikuja mwaka 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani, Waingereza wanaulizana huyu ni nani, akabeba Ligi Kuu na Kombe la FA kwa mpigo mwaka 1998, akarudia 2002. Msimu wa 2003/04 akamaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja: ushindi 26, sare 12. Kisha timu ikahama Highbury, iliyokuwa ikibeba watu 38,000 hivi, ikaingia Emirates yenye viti 60,000 mwaka 2006, na kwa miaka mingi deni la uwanja likawa linalipwa huku nyota wanauzwa. Henry akaenda, Fàbregas akaenda, Nasri akaenda, Van Persie akauzwa Manchester United, na pamoja na hayo yote timu haikutoka nne bora. Kocha gani mwingine angefanya hivyo?

Wale wa "Babu aende" nao walikuwa na daftari lao. Ubingwa wa mwisho ni 2004. Nane kwa mbili mbele ya Manchester United, Old Trafford, 2011. Sita bila mbele ya Chelsea, 2014, tena ikiwa mechi yake ya 1,000. Ligi ya Mabingwa ni kutolewa hatua ya 16 bora misimu saba mfululizo, kama vile imeandikwa kwenye ratiba. Na shabiki wa London alikuwa analipia tiketi ya msimu zaidi ya pauni 1,000, hata ile ya bei ya chini. Huyo ukimwambia "kuwa na subira" anayo haki ya kukuuliza, mpaka lini?

Huku kwetu Tanzania tiketi ni ya kibanda umiza, banda la kuangalia mpira kwenye TV, lakini uchungu haupungui. Machi 7, 2017 ubao wa nje ulichorwa kwa chaki: ARSENAL vs BAYERN, 4:45 USIKU. Mechi ya kwanza tulishakula tano kwa moja kule Munich, na bado watu walijaa, wengine wamesimama nyuma ya mabenchi. Walcott alipofunga mapema, kibanda kilitikisika. Wenye imani wakaanza kupiga hesabu za mabao manne. Kipindi cha pili Koscielny akatolewa, Lewandowski akaweka penalti, na baada ya hapo ikawa ni kuhesabu tu, mpaka tano tena. Jumla kumi kwa mbili. Hakukuwa na ugomvi, watu walikuwa wanainuka mmoja mmoja. Mzee muuza kahawa wa pale mlangoni, yeye Simba damu na mpira wa Ulaya haumhusu, akamuuliza kijana aliyevaa jezi ya Sánchez: "Sasa mjukuu wangu, huyo kocha wenu bosi wake nani?" Kijana akasema Mmarekani mmoja, haonekani onekani.

Swali lile la mzee ndilo lililotakiwa kuwa kwenye mabango. Aliyemleta Wenger Arsenal ni David Dein, makamu mwenyekiti, mtu wa mpira, aliyekuwa na ubavu wa kukaa na kocha akamwambia hapana. Dein aliondoka 2007. Mwaka 2011 Stan Kroenke, ndiye yule Mmarekani, akawa mwenye hisa nyingi, na kwa kadiri tulivyoona kwa nje, kazi ya kufikiri kuhusu mpira aliachiwa Wenger peke yake. Akawa kocha, mnunuzi, mshauri na hakimu wa kesi yake mwenyewe. Hata mtu mwadilifu namna ile, ukimpa madaraka ya kujihukumu, atajiongezea muda.

Na ukimya una bei yake. Msimu ule mikataba ya Sánchez na Özil nayo ilikuwa inakaribia mwaka wa mwisho. Wewe ungekuwa mchezaji ungesaini vipi, hujui mwakani kocha ni nani? Oxlade-Chamberlain akaenda Liverpool, Sánchez akaishia Manchester United Januari 2018 kwa kubadilishana na Mkhitaryan. Ligi ya msimu ule wa 2016/17 tukamaliza wa tano, mara ya kwanza kutoka nne bora tangu Wenger aje. Mei 27 tukamfunga Chelsea 2-1 fainali ya FA, Kombe lake la FA la saba, na siku nne baadaye ukatangazwa mkataba wa miaka miwili. Raha ya kikombe ilikuwa ya kweli, nisiifiche. Ila hiyo ndiyo siku aliyopaswa kuagwa, kikombe kiko mkononi.

Kuna rafiki yangu wa Manchester United huwa ananijibu kwamba mbona hata kocha wao Ferguson alijiamulia mwenyewe. Kweli. Alitangaza Mei 2013, ubingwa ukiwa tayari kabatini. Lakini ngoja nimkumbushe msimu wa 2001/02. Ferguson alishasema ndio msimu wake wa mwisho, timu ikalegea, akabadili mawazo katikati ya msimu, na ubingwa tukaenda kuuchukua sisi palepale Old Trafford kwa bao la Wiltord. Kwa hiyo hata kwa mkubwa yule, swali la ataondoka lini likining'inia linawafikia wachezaji miguuni. Na aliyenufaika siku ile ni Wenger mwenyewe! Angepaswa kulijua somo hilo kuliko mtu yeyote.

Sisemi tuige ya Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Kule kocha Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2023/24, Novemba 2024 akafungashiwa virago baada ya kufungwa na Azam na Tabora United. Hiyo nayo ni haraka ya kupitiliza. Lakini walau kila mtu alijua aliyemfukuza ni nani na kwa nini, na hasira ya mashabiki ilipata anwani.

Kwa Wenger hasira ilikosa pa kwenda, ikageuka kuchoka. Machi 1, 2018, Manchester City walipokuja Emirates, baridi na theluji ya London ilichangia, lakini viti vilivyobaki vitupu usiku ule havikuelezeka kwa theluji peke yake. Tulifungwa 3-0. Aprili 20 ikatangazwa kwamba anaondoka mwisho wa msimu, na mwenyewe akasema muda ule haukuwa uamuzi wake hasa. Maana yake klabu ilikuja kuamua, mwaka mzima umechelewa, na timu ikamaliza ya sita.

Unai Emery aliyemfuata hakufika miaka miwili. Kisha akaja Mikel Arteta, na msimu wa 2020/21 tukamaliza wa nane, mwaka uliofuata hata michuano ya Ulaya hatukucheza. Kelele zilikuwepo, nami nilikuwemo. Tofauti ni kwamba bodi ilisimama hadharani ikasema kocha ni huyu. Septemba 2024, mkataba wake ukiwa bado na karibu msimu mzima, wakamsainisha mwingine wa hadi 2027 kabla hata mtu hajapata nafasi ya kuuliza.