Laki Moja kwa Mwezi, Lipa Miezi Sita

Dalali wa Dar akikuambia "chumba masta, laki moja tu kwa mwezi," shika neno "chumba", mengine muachie. Huo mwezi haupo. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, ana fremu zake za maduka Chanika hazijapigwa plasta. Mshahara kwa mwezi, nauli kwa siku, unga kwa kilo. Kodi peke yake ndiyo inadai nusu mwaka!

Haya, hesabu. Kodi 600,000. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, 100,000, kwa kazi ya kutembea mbele yako. Kuonyeshwa 10,000, na hiyo hairudi hata kama ulichoonyeshwa ni stoo iliyopakwa rangi jana. Kirikuu ya kubeba vyombo 40,000. Zimeshakwenda 750,000, balbu hujanunua.

"Dakika tano kutoka lami." Kwa bodaboda, tena kiangazi. Chumba kinakaguliwa mvua ikinyesha, bwana, siyo Jumapili jua kali. Ukuta ukiwa na rangi mpya kuanzia chini mpaka usawa wa goti, hiyo siyo nakshi, ni mafuriko yalipoishia. Na bomba fungua mwenyewe, uonje. Maji ya chumvi sabuni haitoi povu.

Sasa Luku, mita ya umeme wa kununua kwa tokeni. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo: ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Jengo la mwenye nyumba, umeme wa mpangaji. Chumba kikikaa tupu miezi miwili, deni halihami na aliyehama. Unaingia wa tatu, unanunua umeme wa 5,000 ukitegemea uniti 14. Zinakwenda 4,500, unabaki na uniti moja na ushee. Shati moja kwa pasi, basi. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kumbe kadiri jengo lilivyosimama! Kwa hiyo kabla hujatoa hela, omba uone meseji ya mwisho ya tokeni. Kama kuna deni, likatwe kwenye kodi na liandikwe kwenye mkataba. "Tutaelewana" haiandikiki.

Luku ya kushea ndiyo balaa. Mwenye balbu moja anachanga sawa na jirani mwenye friji la kuuzia barafu. Ukilalamika: "Si mnakunywa maji baridi kwangu?" Mnakunywa, ndiyo. Kwa mia mbili kikombe.