Bando la mwenyekiti sikulila mimi

Naona habari imenitangulia kufika Mwanjelwa, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi. Ngoja niseme mwenyewe. Bando la mama wa watu sikulila mimi. Lililiwa na video.

Jumamosi nilipanda Isyonje kukabidhi tovuti ya kikundi cha wakulima wa viazi. Miezi miwili nakesha nayo. Ukurasa wa kwanza nimeweka video ya ukungu wa Kitulo ukiteleza juu ya maua, chini yake maandishi ya kijivu, membamba, kwenye weupe. (Mafundi wenzangu msinianze. Kanuni ya WCAG, ule mwongozo wa tovuti zinazosomeka na kila mtu, kwamba maandishi yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, naijua kama Baba Yetu. Kwenye laptopu yangu ilipendeza, basi.)

Nikawaambia wazee, "Hii hata mtoto anatumia." Mdomo huu!

Mwenyekiti akatoa simu yake, kioo kina ufa kona hadi kona, akatoka nje kufuata mtandao. Juani. Sisi sote nyuma yake. Akaisogeza mbali, akairudisha hadi puani.

"Mwanangu, mbona hakujaandikwa kitu?"

"Kumeandikwa, mama. Bonyeza pale juu, ile mistari mitatu."

Akatazama sana. "Haya matuta?"

Wajumbe hoi kwa kicheko. Alama ile ya kufungulia menyu aliichora Norm Cox huko Marekani, kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka 1981. Sidhani kama alimuwazia mtu aliyeamka alfajiri kuinua matuta yenyewe.

Akabonyeza. Dole gumba, udongo bado uko kwenye kucha, likafunika matuta yote matatu na nusu ya kichwa cha habari. Haikufunguka. Akahamia kwenye picha ya kiazi, ambayo kwa kweli ilikuwa kubwa na nzuri. Sasa, kiazi hakikuwa kitufe. Akakibonyeza tena, taratibu, kama anayeangalia kama kimeiva. Kimya. Mimi jasho linanitiririka, Isyonje, mahali pa kuvaa makoti mawili!

Simu ikalia. Mjukuu wake akachungulia, akasoma kwa sauti ya darasani: "Ndugu mteja, bando lako limekwisha."

Hapo hakucheka mtu. Heri wangecheka.

"La wiki hilo," mama akasema polepole. "Nimeunga asubuhi."

Nikamrushia vocha mbele ya wajumbe, nikashuka na Coaster ya kwanza. Rafiki yangu mpiga picha, niliyempakia kwa nauli yangu mwenyewe, ndiye anayewatangazia kwamba nimemla bibi MB.

Video nimeitoa. Maandishi meusi tii. Fomu iliyokuwa inataka kilo sasa inauliza magunia (ya lumbesa msiniulize), na penye mistari mitatu pameandikwa BEI.

Jana mwenyekiti kapiga. Nikajua ni pongezi.

"Mwanangu, yale matuta umeyapeleka wapi? Nilikuwa nimeshayazoea."