Dhahabu ya Mjerumani ipelekwe kwenye runinga?

Shimo nililoliona mwaka jana kwenye kilima kimoja hapa Mwanza lilinifika kifuani. Ukingoni palikuwa na manyoya ya kuku wa kafara, na juu ya jiwe msalaba uliochongwa, ambao mchimbaji aliuita "alama ya Mjerumani". Kwa macho yangu ulikuwa bikoni ya wapima ardhi.

Sasa vijiweni watu wanataka mfululizo wa runinga utakaochunguza mafumbo ya historia ya Kanda ya Ziwa, na kila mtu anataja hilohilo kwanza: masanduku ya dhahabu yaliyofukiwa Mjerumani, mkoloni wa wakati huo, alipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wanaouunga mkono wana hoja nzito, kwa sababu fumbo hili lina hesabu. Mwaka 1916 Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa 16,198, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kidogo. Zikusanye zote: kilo 116 hivi. Gunia moja la mahindi na cha juu! Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kingezibeba zote, na abiria wawili juu. Mwanza yenyewe ilitekwa na Waingereza Julai 1916, mwaka uleule sarafu zilipofuliwa Tabora. Hayo masanduku ya kujaza kila kilima yalitoka wapi? Mzee wa kijiweni hatakupigia hesabu hiyo. Mtangazaji mzuri anaweza.

Wanaopinga wanaijua runinga. Muziki wa kutisha, droni juu ya mawe, swali linaachwa hewani hadi wiki ijayo, na kesho yake vijana wako mlimani na sululu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Vya Mjerumani vimekuja baadaye, hivyo vingi vinasubiri tangazo la serikali. Shimo halisubiri. Na jiwe likichimbuliwa chini huporomoka, wakati Mwanza watu wamejenga hadi miguuni mwa mawe.

Hofu hiyo naielewa, ila kunyamaza hakujafukia shimo hata moja. Ningekubali kipindi kwa sharti moja: jibu litangulie. Dakika ya kwanza, gunia la mahindi juu ya mizani. Mlimani kamera ipande baadaye, na yule mchimbaji aulizwe kuku alimnunua shilingi ngapi.