Nani Anamudu Kura za Maoni?

Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Tume ya Uchaguzi nayo inadai wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni, na dhamana ya shilingi 50,000. Mpaka hapo mama lishe anaweza kugombea. Kinachomkwamisha ni pendekezo la chama, maana hilo hupatikana kwenye kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani ya chama wa kumpata mgombea, na huko pesa ndiyo chekeche.

Fomu ya ubunge ndani ya CCM, chama tawala, ilikuwa shilingi 100,000 mwaka 2020. Mwaka 2025 ikapanda hadi 500,000, sawasawa na kima cha chini kipya cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichoanza Julai mwaka huohuo. Wanaoitetea ada hiyo husema inapunguza wasio na nia ya kweli. Sikubaliani nao hata kidogo: mwalimu mwenye nia ya miaka ishirini atashindwa kuilipa, na mfanyabiashara anayejaribu bahati ataitoa mfukoni.

Na fomu ndiyo gharama ndogo. Kubwa huanza mwaka mmoja au miwili kabla: michango ya harusi, rambirambi, jezi za timu ya kata, mabati ya msikiti na ya kanisa, fedha za kutunisha vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kila kimoja ni desturi njema, na asiyetoa huonekana ana mkono wa birika. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu anayepinga mchezo huu anaonekana anapinga ukarimu wenyewe.

Mahakama Kuu iliwahi kulitazama jambo hili ana kwa ana. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kupitia vifungu vidogo vya kifungu cha 119. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili wakafungua kesi, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu hivyo. Walisema vinambagua mgombea wa kipato cha chini. Kwangu hiyo ni miongoni mwa hukumu muhimu zaidi za siasa zetu, na inasikitisha jinsi isivyotajwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyopiga marufuku zawadi hata katika uteuzi wa ndani ya vyama.

Mbona basi bahasha bado zinatembea? Sheria inaubana msimu wa uteuzi na kampeni, ilhali mabati yametolewa miezi kumi na minane nyuma. Anayeujua ukweli ni mgombea mwenzake, ambaye mara nyingi naye ametoa, au mjumbe aliyepokea, yaani mpiga kura wa ndani ya chama, ambaye akisema anajitia hatiani. Halafu kuna hesabu ya wapiga kura. Mwaka 2015 CCM iliwapigisha kura za maoni wanachama wake. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Wapiga kura wakiwa mamia, kila mmoja anafikika kwa simu na muamala. Wakiwa maelfu, hata tajiri inabidi ahutubie. Msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu uliwaonea: wengi wao ni watu wa kipato kidogo waliowekwa mahali ambapo kura yao ina bei.

Dawa yake haihitaji Bunge, kanuni za vyama zinatosha, na hili linavihusu vyama vyote. Ada ya fomu isizidi dhamana ya Tume. Wanachama wote wa tawi wapige kura. Wagombea wazungushwe pamoja kwa gari la chama, kila mmoja apewe dakika zilezile, na mikutano ya pembeni imwondolee mtu jina. Katika uchaguzi wa 1965 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliwapandisha wagombea wawili jukwaa moja, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na kampeni binafsi zilikatazwa. Chama kilishika funguo za uteuzi kupita kiasi, na hilo sitaki lirudi. Lakini jukwaa lile lilikuwa la haki. Michango nayo itangazwe: anayekusudia kugombea aandikishe kwa katibu wa tawi kila alichotoa jimboni tangu uchaguzi uliopita, na orodha ibandikwe ofisini wiki mbili kabla ya kura.