Tusiudai Mnanaa Miujiza

Kila ninaposoma habari za chai ya majani, nakutana na orodha ileile: mnanaa wa tumbo, mchaichai wa usingizi, kamomili ya wasiwasi, rozimari ya kumbukumbu. Utadhani kila jani ni kidonge. Mimi chai hizi nazinywa, na makopo yangu ya mimea nayapenda, lakini naona tunayasifu majani kwa kazi ambayo kwa sehemu kubwa imefanywa na kitu kingine. Utulivu mwingi unaotajwa humfikia mtu kabla maji hayajachemka.

Chukua kumwagilia tu. Ukimimina maji yote kwa mpigo kwenye udongo uliokauka, udongo unayakataa: yanateleza pembeni mwa kopo, yanatokea chini, na mizizi inabaki na kiu. Inakubidi umimine kidogo, ungoje yazame, umimine tena. Na kabla ya hapo unachomeka kidole kupima unyevu wa chini, maana udongo wa juu hudanganya. Ni kazi isiyotaka akili nyingi, ila inataka macho na mikono viwe palepale, na yale mawazo yaliyokuzonga tangu asubuhi yanakosa nafasi. Wapo wanaoliita jambo hili kutafakari. Sina ugomvi nao, mradi mmea upate maji.

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti mdogo wa watu 30. Waliwapa kwanza jaribio la kuchosha akili, kisha kwa nusu saa wengine wakashika kazi za bustani na wengine wakakaa ndani kusoma. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini, na hao ndio waliorudiwa na uchangamfu. Watu 30 ni wachache, sitaapa kwa utafiti huo. Nautaja kwa sababu waliopata nafuu ile waliipata kwa kushika udongo, na hakuna jani lililosifiwa.

Kuchuma nako kuna utaratibu wake. Mnanaa ukiukata juu kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapotazamana, vichipukizi viwili hujitokeza mahali pa kimoja, kwa hiyo anayechuma vizuri huzidi kupata. (Uwe na kopo lake peke yake, lakini. Ukiupanda ardhini hutambaa chini kwa chini na kuwavamia majirani.) Wakati mzuri ni asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, harufu ikiwa bado imejaa kwenye majani.

Harufu hiyo ndiyo inayopotea jikoni. Ile unayoisikia ikipanda na mvuke ni mafuta ya jani yanayokimbia, kwa hiyo funika kikombe dakika 5 hadi 10. Wengi dakika hizo huzijaza kwa simu. Kwangu mimi hapo ndipo starehe yote ilipo, kusimama tu bila la kufanya, na anayezitoa kwa simu afadhali anywe maji ya moto yamtoshe.

Linaloniudhi hasa ni mtu aliyelemewa na sonona kuambiwa akapande maua. Bustani inaweza kumshika mkono akiwa njiani kutafuta tiba, ila haiwezi kuchukua nafasi ya tiba. Na si kila kilichoota ardhini ni salama kikombeni. Mmea uitwao St. John's wort, unaouzwa kama chai ya kuinua moyo, hupunguza nguvu za dawa nyingi, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Likorisi, mzizi mtamu unaotiwa kwenye baadhi ya chai, ikizidi hupandisha shinikizo la damu. Kama unatumia dawa yoyote, mtajie daktari na chai unazokunywa.

Anayetaka kuanza hahitaji kununua vingi. Shina la mnanaa, lililoondolewa majani ya chini na kuwekwa kwenye glasi ya maji dirishani, huota mizizi baada ya wiki moja au mbili. Badilisha maji yakianza kuchafuka, kisha lihamishie kwenye kopo lenye matundu chini, na usilichume hadi lishike.