Ramani ya Kilomita Moja na Mto Uliokauka

Juzi nilionyeshwa ramani ya mtiririko wa mito iliyotolewa na modeli ya kompyuta inayoigawa nchi kavu yote ya dunia katika vipande vya kilomita 1 kwa kilomita 1. Niliutafuta Ruaha Mkuu, mto wa Tanzania, mwezi wa Oktoba, nikakuta umechorwa samawati kutoka ardhioevu ya Ihefu hadi bwawa la Mtera bila kukatika. Iliniuma. Oktoba nimewahi kusimama katika mto huo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, juu ya mchanga mkavu, huku viboko wakisongamana katika dimbwi la tope lililobaki chini ya mwamba.

Tangu miaka ya mwanzoni mwa 1990 Ruaha hukauka kiangazi, na sababu kubwa inajulikana: mabanio ya Usangu, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto, huendelea kuchepusha maji kwenda kwenye majaruba ya mpunga hata baada ya mvua kwisha. Modeli isiyojua banio liko wapi na hufungwa lini haiwezi kuuona ukame huo, hata vipande vyake vikipunguzwa hadi mita 100.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi modeli hizi zinavyopewa alama. Kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970, ambacho bado kinatumika sana, huipandisha kila tofauti kati ya modeli na mto kwa kipeo cha pili, kwa hiyo mafuriko ya masika ndiyo yanayoamua karibu alama yote, na modeli inayomwaga maji Oktoba katika mto mkavu inaweza kufaulu vizuri kabisa. Kisha alama hizo hujumlishwa kwa dunia nzima, ilhali vituo vingi vya kupimia mito vyenye takwimu za miaka mingi viko Ulaya na Marekani ya Kaskazini.

Nakubali kwamba vipande vidogo vinasaidia kuonyesha mafuriko ya mabonde membamba. Setilaiti za GRACE, zilizokadiria akiba ya maji kwa kupima mvutano wa dunia kuanzia mwaka 2002 hadi 2017, nazo zilitusaidia, ila ziliona akiba ya maji ya eneo la mamia ya kilomita. Hazikuweza kuthibitisha kilomita moja.

Ninachodai ni kwamba kila modeli ya namna hii ipimwe kwa kiangazi peke yake, kituo kwa kituo, na matokeo ya kila kituo yachapishwe. Katika bonde la Ruaha nilikutana na msomaji wa kipimo cha kina cha mto ambaye, asubuhi na jioni, alishuka hadi kwenye rula iliyosimama mchangani, akaandika sifuri katika daftari lake, akatia saini.